Idadi ya Ajali Si Kipimo Pekee cha Usalama Kazini

"Ajali haina kinga" ni usemi unaosikika mara nyingi misibani. Huwafariji waliofiwa, lakini pia umewazoesha wengi kuamini kwamba usalama kazini ni suala la bahati. Kwa mkazi wa Nyarubungo anayechana mbao, anayeendesha mashine ya kusaga, anayeshuka duarani kutafuta dhahabu au anayehudumia wagonjwa katika zahanati, imani hiyo ina gharama kubwa. Ajali nyingi hutanguliwa na dalili, na dalili huweza kuonekana, kuandikwa na kurekebishwa kabla mtu hajaumia.

Kwa miaka mingi, taasisi zimepima usalama kwa kuhesabu ajali. Mwaka ukiisha bila mtu kuumia, eneo la kazi huhesabiwa kuwa salama na wahusika hupongezwa. Kipimo hicho ni chepesi kueleweka, na idadi ya walioumia haina budi kujulikana. Kasoro yake ni kwamba hueleza yaliyopita tu. Duara lenye matimba yaliyooza linaweza kupita miaka mitatu bila kuporomoka, na katika muda wote huo daftari la ajali likabaki tupu. Utupu huo hauthibitishi kwamba matimba ni imara.

Mfano unaojulikana duniani ni wa mtambo wa kuchimba mafuta baharini, Deepwater Horizon, katika Ghuba ya Mexico. Tarehe 20 Aprili 2010, viongozi wa kampuni husika walikuwa mtamboni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumlazimu mtu kukosa kazi. Usiku wa siku hiyohiyo kisima kililipuka na watu 11 wakapoteza maisha. Hesabu ya miaka saba haikuwa na kosa. Ilihesabu majeraha ya watu, wakati hatari iliyokuwa ikikua ilikuwa ndani ya kisima.

Hapa nchini, mwezi Januari 2024, wachimbaji wadogo zaidi ya 20 walifariki baada ya kufukiwa na kifusi katika machimbo mkoani Simiyu. Taarifa zilizotolewa na viongozi wa mkoa zilieleza kwamba shughuli katika eneo hilo zilikuwa zimezuiwa kutokana na mvua kubwa. Hatari ilijulikana kabla ya maafa. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba onyo likishatolewa, hakuna anayeshuka. Kwa wilaya yenye machimbo ya dhahabu kama Biharamulo, somo hilo liko karibu sana.

Ukimya unaoumiza

Kuhesabu ajali peke yake kuna madhara mengine: kunaweza kuwafundisha watu kunyamaza. Msimamizi anayetarajia pongezi kwa kutokuwa na ajali hapendi kusikia kwamba kidole cha kibarua kimekatwa na msumeno. Naye kibarua akihofia kufukuzwa atafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Taarifa ya mwezi itakuwa nzuri, na msumeno utabaki bila kava.

Madhara ya ukimya huonekana wazi zaidi katika huduma za afya. Muuguzi aliyechomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, lakini ni lazima aanze kuzitumia mapema, kabla ya saa 72 kupita. Akificha tukio kwa kuogopa kulaumiwa, saa hizo humponyoka. Kituo ambacho wauguzi wake huripoti kila tukio la sindano kitaonekana kuwa na matukio mengi kwenye karatasi, ilhali huenda ndicho chenye usalama zaidi kuliko kile kisichoripoti hata moja.

Nini kipimwe

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa usalama wanahimiza kupima pia yale yanayofanyika kabla ya ajali. Kwa mazingira ya kata, mambo manne yanatosha kuanzia. La kwanza ni matukio ya nusura: jiwe lililoanguka bila kumpiga mtu, mkanda wa mashine uliokatika, ngazi iliyoteleza. La pili ni hatari zilizoripotiwa na wafanyakazi wenyewe. La tatu ni muda uliopita tangu hatari iripotiwe hadi irekebishwe. La nne ni ukaguzi uliofanyika kweli, kwa tarehe na jina la mkaguzi: matimba kabla ya zamu, breki kabla ya safari, nyaya za umeme kabla ya kuwasha mashine.

Daftari la kawaida na kalamu vyatosha. Taarifa zikiongezeka katika miezi ya mwanzo, mwajiri asishtuke, kwa maana hatari zilikuwapo na sasa zimeanza kuonekana. Cha kutia wasiwasi ni daftari lisilo na neno hata moja, au hatari ileile kuandikwa wiki baada ya wiki bila kurekebishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Daftari hili ni njia ya kuuona ufa ungali mdogo.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri kusajili eneo la kazi na kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anapaswa kuwa na mwakilishi wa usalama na afya. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kutoa taarifa anapoona hali ya hatari. Kwa upande wa migodi, usimamizi wa usalama unahusisha pia Tume ya Madini.

Kwa aliyeumia, kumbukumbu ina uzito zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa fidia kwa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, au kwa wategemezi wake akifariki. Michango hutolewa na mwajiri; mfanyakazi hakatwi mshahara wake. Madai yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Ajali iliyofichwa ili kulinda sifa ya mwajiri humwacha mfanyakazi bila ushahidi wa kudai haki yake.

Wakazi wanaofanya kazi kwa ajira, kwa kibarua au kwa mgao wa mawe wanahimizwa kuuliza maswali matatu mahali pao pa kazi: hatari huripotiwa kwa nani, huandikwa wapi, na ya mwisho kuripotiwa ilirekebishwa lini? Pale ambapo majibu hayapatikani, mwananchi afike ofisi ya mtendaji wa kijiji au wa kata ili aelekezwe kwa mamlaka husika.