ILA ISIYOONEKANA: KASORO ZA KURITHI NA UKWELI WA MUUZAJI KATIKA UFUGAJI WA TURKANA

Utangulizi

Methali isemayo "mficha uchi hazai" aghalabu hufafanuliwa kwa mintarafu ya binadamu. Katika ufugaji, hata hivyo, ila iliyofichwa ndiyo huzaa, tena katika zizi la mtu mwingine. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kasoro za kuzaliwa zinavyorithiwa na kwa nini muuzaji anapaswa kuzitaja. Tutaegemea zaidi mbuzi wa Turkana, kuanzia Eliye Springs kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana hadi masoko ya Lodwar na Kakuma.

Kilema na urithi

Ni vyema kubainisha mapema kwamba si kila kilema cha kuzaliwa hurithiwa. Mama akikosa lishe, akila mimea yenye sumu au akiambukizwa virusi fulani wakati wa mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro ambayo haitakifikia kizazi chake. Kasoro nyingine hupitia jeni. Baadhi huonekana kwa macho, kama vile beberu ambaye korodani yake moja haikushuka.

Ugumu umo katika jeni fiche. Tuchukulie beberu na mbuzi jike, wote wazima, kila mmoja akibeba nakala moja ya jeni yenye kasoro. Kwa wastani, kati ya watoto wao 4, mmoja atazaliwa na kilema, 2 watakuwa wazima lakini wabebaji, na mmoja hatakuwa na jeni hiyo kamwe. Maana yake ni kwamba kati ya kila ndugu 3 wazima wa yule mwenye kilema, 2 huibeba kasoro bila dalili yoyote. Beberu wa aina hiyo akipandishwa kwa majike wasio wabebaji, hakuna kitakachoonekana. Akiachwa zizini hadi awapande binti zake mwenyewe, mtoto mmoja kati ya 8 anatarajiwa kuzaliwa na kilema. Kufikia hapo, aliyemuuza amekwishasahaulika.

Pembe nazo zina funzo lake. Kwa mbuzi, jeni ya kukosa pembe hutawala ile ya kuwa na pembe. Lakini jike anayerithi nakala 2 za kukosa pembe huzaliwa huntha na hazai. Mwaka 2001 watafiti nchini Ufaransa walibainisha sehemu ya jeni inayosababisha hali hiyo. Kinga yake ni rahisi: asiye na pembe apandishwe na mwenye pembe.

Soko na ukweli

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, ni soko kubwa la nyama. Beberu mwenye korodani moja akiuzwa huko kwa ajili ya kuchinjwa, hamdhuru mtu. Beberu huyo huyo akiuzwa kwa ajili ya mbegu, kimya cha muuzaji hugeuka kuwa hasara ya miaka. Kwa hivyo, wajibu wa kusema hutegemea matumizi ya mnyama.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, humtaka mnunuzi awe macho: akiisha kumkagua mnyama, ni vigumu alalamikie ila ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Lakini hakuna jicho liwezalo kuiona jeni fiche. Anayejua ni yule aliyeshuhudia uzao.

Aidha, mifugo ya Waturkana haihami kwa kuuzwa tu. Hutolewa mahari, hupewa marafiki na hugawiwa jamaa, hivyo uzao mmoja huenea katika maboma mengi. Baada ya ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 kuangamiza mifugo, wapo wanaoanza upya kwa majike wachache na beberu mmoja. Kwa familia ya namna hiyo, mtoto wa mbuzi asiyeishi ni maziwa yaliyokosekana na jike asiyepatikana kesho.

Huenda ikadaiwa kwamba mwenye njaa hawezi kuiponda bidhaa yake mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ukweli haumnyimi bei yote: beberu mwenye ila bado ana nyama. Anaweza kuhasiwa, kunenepeshwa na kuuzwa kwa mchinjaji. Kuhasi madume yasiyotakiwa si jambo geni kwa wafugaji. Ni njia yao ya tangu jadi ya kuchagua mbegu.

Hitimisho

Tunapendekeza mnunuzi wa beberu wa mbegu aseme wazi anachomtakia, kisha aulize maswali matatu: Mama yake ni yupi? Je, amewahi kuzaa mwenye kilema? Je, beberu huyu amekwisha kuzalisha, na watoto wake wakoje? Muuzaji naye ajibu kuhusu uzao, si kuhusu mwili pekee. Anayejibu kwa kweli huenda akapoteza shilingi chache siku hiyo; lakini katika nchi ambamo mbuzi wa leo huweza kurudi zizini kesho kama mahari, analilinda pia zizi lake mwenyewe.