Diski Tatu kwa Mpigo: Hesabu Kwanza, Mtaji Baadaye

Mwenye studio ndogo aliye na kazi za harusi tatu mkononi hukabiliwa na swali la mtaji: anunue mashine ya kurudufu, au aongeze vichomeo katika kompyuta aliyo nayo? Jibu linategemea aina ya kazi. Mashine ya kurudufu kwa kawaida hutoa nakala nyingi za diski moja. Pale ambapo kila mteja ana diski yake tofauti, kompyuta moja yenye vichomeo vitatu ndiyo inayofaa, mradi mipaka yake ieleweke.

Mpaka wa kwanza ni kasi. Kwa DVD, 1x ni takriban kilobaiti 1,385 kwa sekunde. Kichomeo kinachofikia 16x huhitaji megabaiti 22 hivi kila sekunde. Vitatu huhitaji 66. Diski kuu ya kawaida huweza kutoa zaidi ya hapo inaposoma faili moja mfululizo. Inapotakiwa kusoma faili tatu zilizo mahali tofauti, kichwa chake hurukaruka huku na huko na kasi hushuka sana. Dawa ni kuweka kila kazi kwenye diski kuu yake, au kutumia diski ya SSD, ambayo haina kichwa cha kusogea.

Mpaka wa pili ni njia. USB 2.0, ingawa huandikwa megabiti 480, kwa matumizi hupitisha megabaiti 30 hadi 40 hivi kwa sekunde. Vichomeo viwili vya 16x tayari vimeijaza, na matundu mawili ya kompyuta huweza kutegemea njia moja ndani. Vichomeo vya SATA, ambavyo kila kimoja kina waya wake, havina mgogoro huo.

Data ikichelewa, kichomeo hubaki bila cha kuandika. Zamani diski iliharibika papo hapo. Tangu Sanyo ilipoleta teknolojia ya BURN-Proof mwaka 2000, vichomeo vingi husimama, husubiri, kisha huendelea. Hata hivyo, kusimama mara kwa mara hupoteza muda ule ule uliokuwa ukitafutwa.

Hapo ndipo ilipo faida ya mwendo wa wastani. DVD ya gigabaiti 4.7 kwa 16x huchukua dakika 6 hivi. Tatu, moja baada ya nyingine, ni dakika 18 bila kuhesabu muda wa kubadilisha. Kwa 8x, zote tatu kwa pamoja humalizika katika dakika 9 hivi, na mzigo wote ni megabaiti 33 tu kwa sekunde. Anayekwenda polepole na vichomeo vitatu humshinda anayekimbia na kimoja.

Kwa upande wa programu, kila kazi hufunguliwa katika dirisha lake na kuelekezwa kwenye kichomeo chake. Vichomeo viandikwe namba kwa nje, na kila diski ikaguliwe kabla ya kufungwa. Mteja akipewa harusi ya mwenzake, hasara yake huzidi bei ya diski.

Kuhusu soko, tahadhari inahitajika. Kompyuta nyingi mpya za mkononi haziji na kichomeo, na Sony ilisitisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Vilevile, kunakili kazi ya msanii bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 Tanzania na ya mwaka 2001 Kenya.

Kwa hiyo, mwenye wateja wa uhakika anaweza kuongeza kichomeo kimoja kimoja kadiri kazi inavyoongezeka. Kukopa fedha kwa ajili ya mashine kubwa, wakati wateja wanahamia kwenye flashi na simu, ni kununua mzigo ambao soko lake linapungua.