Je, Wajua? Siri ya Maharagwe na Mashine

Je, wajua kwamba mkulima wa Mwakiro, Muyinga, nchini Burundi, anayepanda maharagwe anatumia siri ileile iliyoandaa njia ya Mapinduzi ya Viwanda?

• Katika karne ya 18, wakulima wa Norfolk, Uingereza, waliacha kulilaza shamba mwaka mzima bila mazao. Walizungusha mazao manne kwa miaka minne: ngano, tanipu, shayiri na klova.

• Klova na maharagwe ni mimea ya ukoo mmoja. Bakteria waishio kwenye vinundu vya mizizi yake huchukua nitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo. Tanipu na klova pia zililisha mifugo, nayo ikarudisha samadi shambani.

• Chakula kiliongezeka, watu wakaongezeka, na wengi wakawa huru kutafuta kazi nje ya kilimo. Hapo uvumbuzi ukapata mikono: mashine ya kusokota nyuzi ya James Hargreaves katika miaka ya 1760, na injini ya mvuke ya James Watt, iliyopata hataza mwaka 1769.

• Kufikia sensa ya 1851, zaidi ya nusu ya watu wa England na Wales waliishi mijini.

• Maharagwe yenyewe asili yake ni Amerika. Leo hayakosi katika chungu cha Mrundi.

Kiwanda huanzia shambani. Tunaotamani viwanda kesho, tuutunze udongo leo.