Gugu, Mgeni na Vamizi: Juu ya Kuuita Mlantana

Mfasiri akipewa tangazo la kuwaonya wafugaji juu ya mmea ambao kisayansi huitwa Lantana camara, aghalabu hukwama katika sentensi ya kwanza. Akiandika "gugu lenye maua ya chungwa" amekwisha kosea, kwani msomaji ataweza kufikiri maua ya mchungwa, nayo ni meupe. Hana budi kuandika "maua ya rangi ya chungwa". Hata hivyo bado hajamsaidia mfugaji. Kishada kimoja cha mmea huu huwa na vijiua vya manjano katikati na vya chungwa au vyekundu pembezoni, kwa kuwa vijiua hivyo hubadilika rangi kadiri vinavyokomaa. Tena iko mimea mingine yenye maua ya rangi hiyo isiyo na hatia yoyote. Kinachoutambulisha ni shina la pembe nne lenye vijimiba, jani linalokwaruza kama msasa na kutoa harufu kali likifikichwa, na vitunda vya kijani vinavyogeuka kuwa vyeusi vikiiva.

Jambo hili si la ubingwa wa maneno tu. Majani yake yana sumu inayodhuru ini la ng'ombe, kisha ngozi yake huungua kwa jua. Ng'ombe aliye malishoni huuepuka maadamu nyasi zipo. Lakini Uchaggani ng'ombe wengi hulishwa zizini kwa majani yaliyokatwa, mengine huko tambarare, yakapandishwa mlimani. Anayechagua chakula ni mkataji, wala si mnyama. Na mkataji ndiye msomaji wa tangazo letu.

Sasa tulitazame neno "gugu". Tumchukue mkazi wa Pasua, kusini ya mji wa Moshi, aliyezungushia kiwanja chake mmea huu. Kwake yeye ni ua kwa maana zote mbili: ua la kutazama na ua wa kuzuia mbuzi. (Kitenzi "kuua" tukiache, ingawa mwenye ng'ombe angekitaja.) Akiambiwa ang'oe magugu hataugusa, naye ana haki, maana gugu ni mmea uliota pasipotakiwa. Ukoka ni gugu katika mahindi na ni chakula malishoni. Huku nyuma ndege wanakula vitunda vya ua wake na kuzipeleka mbegu mbali.

Wengine hupendelea "mmea wa kigeni". Neno hili linataja asili, halitaji tendo. Mahindi yalitoka Amerika kama ulivyotoka mmea huu, na kahawa ililetwa Kilema na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Hakuna anayewaonya Wachagga dhidi ya kahawa.

Ndiyo maana twalikubali neno "vamizi", litokalo katika "vamia". Halina chuku. Huko Busoga, Uganda, vichaka vya mmea huu viliwapa mbung'o maficho wakati wa mlipuko wa malale ulioanza mwaka 1976. Swali lililobaki ni la upatanisho. Kwa kanuni tungetarajia "mmea mvamizi, mimea mivamizi, magugu mavamizi", lakini waandishi wamekwisha zoea "mimea vamizi" na "magugu vamizi" bila kiambishi. Kwa maoni yetu mazoea hayo yaachwe yalivyo. "Mivamizi" haina mtetezi.

Kuhusu jina lenyewe, mfano wa "gugu karoti" unavutia, kwa kuwa jina hilo lamwonyesha mtu jani la kutafuta. "Gugu lantana" halionyeshi kitu, tena lingemkwaza yule wa Pasua. Majina ya kienyeji nayo yana hatari yake: iko lantana nyingine, Lantana trifolia, ambayo ina maua ya zambarau, na jina moja huweza kubeba zote mbili. Kwa hiyo twapendekeza "mlantana", wingi "milantana", kwa kufuata mparachichi na mgrivea. Katika tangazo, jina hilo lifuatwe mara moja na maelezo ya shina, jani na tunda, na rangi ya ua itajwe mwisho.