Msimu wa 2024 katika Ligi ya Kandanda ya Wanawake ya Marekani: Maelezo Pamoja na Suala la Lugha

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi msimu wa 2024 wa ligi ya kandanda ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani ulivyokwenda, na hasa namna wachezaji watatu wa kutoka Malawi na Zambia walivyoupa sura yake. Huenda msomaji akastaajabu kukuta habari za mpira katika jarida la lugha. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, habari hizi zimeenea kwa Kiingereza, ilhali wanaozungumziwa ni watu wa lugha zilizo jirani kabisa na yetu. Pili, kila ajaribuye kuzisimulia kwa Kiswahili hujikuta, kabla hajafika mbali, amekwama katika swali la jinsi ya kumtaja mwanamke ambaye kazi yake ni kucheza mpira.

Ligi yenyewe, ijulikanayo kwa herufi NWSL, ilianza mwaka 2013 ikiwa na timu 8. Hilo lilikuwa jaribio la tatu. La kwanza, WUSA, lilidumu misimu mitatu tu, tangu 2001 hadi 2003, kisha likafa kwa ukosefu wa fedha. La pili, WPS, lilianza mwaka 2009 na kucheza msimu wake wa mwisho mwaka 2011. Atakaye kujua maana ya vifo hivyo kwa mchezaji na aitazame safari ya Marta, yule Mbrazili mashuhuri. Mwaka 2009 alichezea Los Angeles Sol. Msimu ulipokwisha timu ikavunjwa. Mwaka 2010 alihamia FC Gold Pride, akatwaa ubingwa, na timu hiyo nayo ikavunjwa. Mwaka 2011 alitwaa ubingwa tena, safari hii na Western New York Flash, na baada ya hapo ligi nzima ikavunjika. Kumbe mtu aweza kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani na bado asijue mwakani mshahara wake utatoka wapi.

Yafaa pia tueleze utaratibu wa mashindano, kwa kuwa haufanani na wetu. Mwaka 2024 timu zilikuwa 14, na kila moja ilicheza mechi 26. Kwetu Kenya timu yenye pointi nyingi mwishoni ndiyo bingwa, na maneno yameisha. Kule timu hiyo hupewa Ngao, lakini ubingwa hauna budi kutafutwa upya: timu 8 za juu huingia katika mtoano, tangu robo-fainali hadi fainali, na atakayeshinda fainali ndiye aitwaye bingwa. Hakuna timu inayoshushwa daraja. Wako wanaouona utaratibu huu kuwa wa dhuluma, kwani timu yaweza kutawala miezi minane na kunyang'anywa heshima kwa dakika 90. Mwaka 2024 dhuluma hiyo haikutokea.

Msimu ulifunguliwa mwezi wa Machi, na tarehe 16 ya mwezi huo timu ya Kansas City Current ilicheza kwa mara ya kwanza katika uwanja wake mpya wenye nafasi za watazamaji 11,500. Uwanja huo ni wa kwanza kujengwa mahsusi kwa ajili ya timu ya kulipwa ya wanawake. Kabla ya hapo timu za wanawake zilizoea kuwa wapangaji katika viwanja vya wanaume au vya vyuo, na mpangaji, kama ijulikanavyo, hachagui siku wala saa. Wenyeji waliizindua nyumba yao kwa kuishinda Portland Thorns mabao 5 kwa 4.

Katika timu hiyo ya Kansas City alikuwamo mgeni, Temwa Chawinga, mzaliwa wa wilaya ya Rumphi, kaskazini mwa Malawi. Alikuwa amepitia Uswidi na Uchina, njia aliyotangulia kuipita dada yake Tabitha. Hadi msimu kumalizika Temwa alikuwa ametia kimiani mabao 20, akaivunja rekodi ya Sam Kerr wa Australia aliyefunga 18 mwaka 2019. (Haki itendeke: mwaka 2019 kila timu ilicheza mechi 24, si 26.) Lakini kwa maoni yetu idadi si jambo kubwa kuliko mpangilio wake. Chawinga alizifunga timu zote 13 alizokabiliana nazo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mchezaji yeyote wa ligi hiyo katika msimu mmoja. Alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi, Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo. Wasomaji wa jarida hili watapenda kujua kwamba jina lake lina kitenzi cha Kitumbuka chenye maana ya kupenda, na kwamba Wabemba wa Zambia wanacho kitenzi hicho hicho.

Hata hivyo, msimu ulikuwa wa Orlando Pride. Timu hii, chini ya mkufunzi Seb Hines, Mwingereza, ilicheza mechi 23 tangu mwanzo wa msimu bila ya kushindwa. Tarehe 6 Oktoba iliishinda Washington Spirit mabao 2 kwa 0 na kuitwaa Ngao zikiwa bado zimesalia mechi. Siku tano baadaye ilionja kipigo cha kwanza, huko Portland. Ilimaliza ikiwa na pointi 60. Mshambulizi wake mkuu alikuwa Barbra Banda, nahodha wa Zambia, mzaliwa wa Lusaka, ambaye zamani aliwahi kupigana ngumi za kulipwa. Alijiunga na wenzake msimu ukiwa umekwisha kuanza, na bado akafunga mabao 13 kabla ya mtoano. Katikati ya msimu ligi ilisimama kwa sababu ya Michezo ya Olimpiki ya Paris. Huko Banda aliifunga Australia mabao matatu katika mechi ambayo Zambia ilishindwa kwa 6 kwa 5. Waliokuwa na desturi ya kusema kwamba mechi za wanawake hazina mabao hawakusikika wiki hiyo.

Katika mtoano Orlando iliishinda Chicago Red Stars, kama timu hiyo ilivyoitwa wakati ule, mabao 4 kwa 1, kisha ikaishinda Kansas City mabao 3 kwa 2. Katika mechi hii ya pili Marta, mwenye umri wa miaka 38, aliuchukua mpira, akawapita walinzi mmoja baada ya mwingine, akampita mlinda lango naye, akaujaza wavuni. Fainali ilichezwa tarehe 23 Novemba katika uwanja ule ule mpya wa Kansas City. Washington Spirit walishambulia zaidi, lakini bao lilikuwa moja tu, na lilifungwa na Banda katika dakika ya 37. Hivyo Mwafrika alifunga katika fainali ya ligi hiyo kwa mara ya kwanza, na Marta, aliyekuwa Orlando tangu 2017, akapata ubingwa ambao safari hii haukufuatwa na mazishi ya timu.

Ama kuhusu fedha, tusiwe wepesi wa kustaajabu tu. Tuulize zilitoka wapi na zilikwenda kwa nani. Mwezi wa Februari 2024 Racheal Kundananji wa Zambia alinunuliwa na Bay FC, timu iliyokuwa ikijiunga na ligi mwaka huo, kutoka Madrid CFF ya Uhispania. Bei yake, zipatazo dola 785,000, ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa mchezaji mwanamke. Muda mfupi baadaye Orlando walitoa dola 740,000 kwa ajili ya Banda, aliyekuwa akicheza Shanghai. Fedha za namna hii hulipwa timu inayouza. Kwa kuwa Kundananji alikuwa amekwisha kupitia Kazakhstan kabla ya Uhispania, na Banda Uhispania kabla ya Uchina, muuzaji hakuwa timu ya Lusaka. Ligi za nyumbani hazitoi mshahara wa kumtosha mchezaji kuishi, basi huondoka akiwa bado bei yake haijapanda, na inapopanda faida huvunwa ugenini. Rekodi ya Kundananji ilivunjwa Januari 2025 Chelsea ilipomsajili Naomi Girma, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wa Kihabeshi, kwa zaidi ya dola milioni moja.

Wachezaji nao hawakukaa kimya. Mwezi wa Agosti 2024, msimu ukiendelea, chama chao kilitia sahihi mkataba mpya na ligi utakaodumu hadi 2030. Mkataba huo ulikomesha desturi ya timu kugawana kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni bila ya wao kuulizwa wapendako.

Sasa tulirejee suala la lugha. Banda hakuchezeshwa katika fainali za Kombe la Afrika la Wanawake nchini Morocco mwaka 2022, kwa sababu zilizohusishwa na kanuni za vipimo vya homoni, ingawa alikuwa amekwisha kucheza Olimpiki ya Tokyo na baadaye akacheza Kombe la Dunia la 2023. Aliposhinda tuzo ya BBC mwishoni mwa 2024 alishambuliwa kwa maneno makali. Mengi ya maneno hayo yalikuwa ya Kiingereza, na silaha yake ilikuwa kiwakilishi tu: kumtaja kwa kile cha wanaume badala ya kile cha wanawake. Tusi la namna hiyo haliwezi kutafsiriwa katika Kiswahili, wala katika Kibemba au Kinyanja, kwani kiambishi cha nafsi ya tatu hakibagui mume na mke. Tukisema "alifunga", tumemtaja mfungaji na kazi yake, basi.

Lakini tusijipongeze. Kiswahili kina neno "jikedume", na walionalo hulitumia. Tena, kwa kuwa sarufi yetu haitulazimishi kutaja jinsia, yatupasa tujiulize kwa nini kurasa zetu za michezo haziachi kuitaja. "Timu ya taifa" ni ya wanaume bila ya kusemwa. Ya wanawake lazima iongezewe maneno. Zaidi ya hayo wachezaji huitwa "vipusa" au "warembo". Kipusa, kwa maana yake ya asili, ni pembe ya kifaru, kitu cha thamani kinachouzwa. Jinsi neno hilo lilivyofika kwa msichana mzuri si vigumu kukisia, na jinsi lilivyofika kwa mlinzi wa kati aliyepasuka paji la uso ni vigumu zaidi. Maneno "mshambulizi", "nahodha" na "mlinda lango" tunayo, na hayahitaji kivumishi.

Mwezi wa Julai 2025, katika Morocco ile ile, Banda alivaa tena jezi ya Zambia katika fainali za Afrika. Mechi ya ufunguzi ilikuwa dhidi ya wenyeji, na yeye ndiye aliyetangulia kufunga, mapema kabisa.