Mkandarasi Mdogo na Jasho la Fundi

Azimio la Arusha la 1967 lilikataa unyonyaji wa mtu kwa mtu. Katika kazi za ujenzi bado tunaukuta, umejificha ndani ya mikataba.

Mkandarasi mkuu hulipwa na mwenye kazi kwa hati ya malipo. Mkandarasi mdogo, yule anayefunga nondo au kutandaza nyaya za umeme, mara nyingi huambiwa: nitakulipa nikilipwa. Hati ikichelewa, mdogo hukopa. Akikosa wa kumkopesha, fundi na saidia fundi husubiri ujira wa kazi waliyokwisha kuifanya. Yaani mwenye mfuko mdogo humkopesha mwenye mfuko mkubwa, bila riba! Tena sehemu ya fedha huzuiwa mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe. Na wakati mwingine anayechelewesha ni Serikali yetu wenyewe, tusilifiche hilo.

Sheria ya 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wa majengo wamepangwa katika madaraja saba. Usajili huo humtambua mwenye kampuni. Fundi aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa na VETA akapewa cheti, na hiyo ni hatua njema, ila cheti hakimlipi Jumamosi jioni.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili katika kila kazi ya umma: mkandarasi mdogo aandikwe kwa jina ndani ya mkataba, na tarehe ya malipo yake isifungwe kwenye malipo ya mkuu.