Vigae Havizuii Maji: Namna ya Kujenga Bafu Lisilovuja

Katika ziara zangu za ukaguzi kwenye vyama vya msingi vya Tarime na Serengeti, nilikuwa na desturi ya kudai vitabu kwanza na kutazama majengo baadaye. Desturi hiyo iliniponza. Chama kimoja cha kahawa katika nyanda za juu za Tarime kilimjengea mtunza ghala wake bafu la bomba la mvua, na ukuta wa bafu hilo ndio ukuta wa chumba cha vitabu. Hati za malipo zilikuwa kamili: vigae, saruji, mchanga, ujira wa fundi. Nikatia sahihi, nikaondoka. Msimu uliofuata nilipofungua kabati niliikuta leja ya wanachama imelowa na kuota ukungu. Wino ulikuwa umesambaa, na katika kurasa nyingi kilo za kahawa hazikusomeka. Upande wa pili wa ukuta vigae vilikuwa vyeupe na vya kupendeza.

Ndugu wanachama, kosa halikuwa katika vigae. Kigae chenyewe hakipitishi maji mengi, lakini kati ya kigae na kigae kuna ufa uliojazwa saruji laini, nayo saruji ina vinyweleo. Kila anayeoga huyapitisha maji kidogo humo. Nyuma yake kuna lipu, na nyuma ya lipu kuna tofali la kuchoma, ambalo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji hayo hupanda, hutokea upande wa pili, na huko chini hulainisha udongo uliounganisha matofali. Kwa hiyo kinga ya bafu hujengwa kabla kigae cha kwanza hakijabandikwa. Mafundi wa pwani walilijua jambo hili kabla ya saruji kufika: bwawa la kuogea la Husuni Kubwa kule Kilwa, lenye pembe nane, lilijengwa katika karne ya 14 kwa mawe na chokaa ya matumbawe.

Anza na sakafu. Sakafu ya bafu iwe chini ya sakafu ya chumba cha jirani, na mlangoni pawe na kizingiti. Kwa kila mita 1 zege ishuke sentimita 2 kuelekea kwenye tundu la maji, na mteremko huo upimwe kwa pima maji, usikadiriwe kwa jicho. Bomba la kutolea maji liwe na kona inayobakiza maji ndani yake ili harufu isirudi, nayo maji yaishie katika shimo lililo mbali na msingi. Ukuta wa tofali bichi usibandikwe vigae vya bafu hata kidogo. Jenga kwanza ukuta mwembamba wa tofali la saruji mbele yake.

Mchanga wa mtoni upimwe. Jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, kisha uiache usiku kucha. Tope likijikusanya juu kwa tabaka nene, mchanga huo uoshwe au urudishwe kwa aliyeuuza. Lipu iwe kipimo 1 cha saruji kwa vipimo 4 vya mchanga, na imwagiliwe maji kwa siku 7. Wengi huacha kuimwagilia siku ya pili, nayo hupasuka. Pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu zijazwe lipu kwa mviringo, maana ndipo nyumba inapocheza na ufa unapoanzia.

Sasa kuhusu kinga yenyewe. Wapo wanaoridhika na niru. Niru ni ngumu, na nyumba ikicheza kidogo tu hupasuka pamoja na ukuta. Wengine hupaka lami. Maji huzuiwa kweli, lakini gundi ya vigae haishiki juu yake. Kwa maoni yangu inayofaa ni ile dawa ya kuzuia maji yenye saruji na kimiminika, ambayo ikikauka hubaki na unyumbufu. Lowesha lipu kidogo, paka mkono wa kwanza kwa brashi kutoka juu kwenda chini, na ukikauka paka wa pili kwa kuukata wa kwanza. Pembeni na kuzunguka bomba zamisha wavu mwembamba wa nyuzi kati ya mikono hiyo miwili. Mahali pa kuogea kinga ifike mita 2 kwenda juu. Kuta nyingine sentimita 30 zinatosha. Mwenye fedha chache apunguze vigae, asipunguze dawa hii.

Ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ziba tundu, jaza maji yafunike sakafu yote, tia alama ukutani, na uache kwa saa 24. Weka na bakuli la maji kando yake, ili ujue kiasi kilichopotea kwa upepo tu.

Kubandika hakuna siri kubwa. Bafu la mita 1.5 kwa 1.2, lenye mlango wa sentimita 75 na vigae hadi mita 2, lina mita za mraba 9.3 za ukuta na 1.8 za sakafu. Ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa vinavyovunjika, utahitaji vigae 103 vya sentimita 25 kwa 40 ukutani, na 22 vya 30 kwa 30 sakafuni. Fundi akidai 200, mwulize vya nini. Gundi ienezwe mgongo mzima wa kigae kwa mwiko wa meno. Madonge matano huacha mapango ya kutunza maji. Vigae vya sakafu viwe vyenye ukwaruzo, kwa kuwa vile vinavyong'aa huwaangusha wazee. Nyufa zijazwe baada ya siku moja, na pembe zote zijazwe silikoni badala ya saruji.

Katika chama kile, leja ilinakiliwa upya kutoka stakabadhi za mizani ambazo wanachama walikuwa wamezihifadhi majumbani. Kazi hiyo ilichukua wiki mbili, na malipo yalichelewa. Vigae vilibanduliwa, vingi vikavunjika, na vingine vikanunuliwa. Safari hii nilikuwapo maji yalipojazwa, na kesho yake nilirudi kutazama alama. Maji yalikuwa yameshuka sawasawa na yale ya bakulini. Hata hivyo kabati la vitabu tulilihamishia ukuta mwingine.